Sura ya Sita: Kila Mnazi na Tembo Lake

Mwisho wa mwaka, maembe yanapofurika pwani, mnunuzi anayesimama kwenye meza za njia panda ya Gede, pale barabara ya Watamu inapochepuka kutoka ile ya Malindi, haulizi kama kuna maembe. Anauliza kama ngowe zimefika, boribo ni shilingi ngapi, na zile apple zimeivia mtini au zimeivishwa guniani. Ngowe anaijua kwa urefu wake na ncha iliyopinda. Apple anaijua kwa mviringo wake; ni embe la kwao hasa, maana wataalamu wa kilimo wanaamini aina hiyo ilianzia pwani hii ya Malindi kabla ya kusambaa bara. Mfumbe macho, mpe kipande cha kila moja, atakutajia majina. Hakuna aliyemkalisha darasani. Amekula aina hii na ile kwenye sinia moja, msimu baada ya msimu, mpaka ulimi ukajua wenyewe.

Naanza na maembe kwa sababu watu wengi wa kwetu wakisikia habari za mvinyo huona ni elimu ya wageni. Njia ya kuingilia ni ileile ya sinia la maembe: mvinyo hujulikana kwanza kwa aina ya zabibu, na aina hujulikana kwa kuonja mbili kando kwa kando. Nitaieleza njia hiyo, kisha nitakwenda pale inapogoma, kwenye tembo la mnazi. Hapo aina ya mti haitoshi. Mwanafunzi hulazimika kuujua mti mmojammoja, na wanaoijua elimu hiyo ni wagema, watu ambao hatujawahi kuwahesabu miongoni mwa wataalamu.

Zabibu zenyewe hazikuanza kunyweka pwani hii juzi. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki aliacha mwongozo wa safari za Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi, unaoitwa Periplus. Anapoifikia Azania, ndiyo pwani yetu, anasema majahazi kutoka Arabuni yalileta mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo vya kuuza. Mahali pengine yalileta pia mvinyo na nafaka kwa wingi, navyo havikuwa vya kuuza. Walipewa wenyeji ili urafiki uwepo. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kuzikwa yule bwana wa Gede ambaye kaburi lake, ndani ya magofu, lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399.

Mvinyo wa siku hizi umeletwa zaidi na Waitaliano. Mwaka 1967 walirusha setilaiti kwa mara ya kwanza kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, na miaka iliyofuata wenzao wengi walijenga nyumba, hoteli na mikahawa Malindi na Watamu. Vijana wa Gede, Timboni na Dabaso wakapata kazi humo. Kijana anaweza kumimina mvinyo mwaka mzima bila mtu yeyote kumweleza kilichomo ndani ya chupa, na mgeni akimwuliza ampendekezee upi, anabaki kusoma bei. Kwa huyo kijana maarifa haya ni mkate wake. Hata kama dini yake inamkataza kunywa, pua yake haikukatazwa kunusa, na nusu kubwa ya elimu ya mvinyo iko puani. Asiye na katazo naye akumbuke kwamba mwonjaji wa kazi huonja kisha hutema.

Ugumu wa kwanza uko kwenye lebo. Chupa ya Kiitaliano mara nyingi hutaja mahali na kuinyamazia zabibu. Chianti ni nchi ya vilima katika jimbo la Toscana. Zabibu yake kuu ni Sangiovese, na sheria inataka isipungue asilimia 70. Barolo ni kijiji na eneo linalokizunguka, na mvinyo wake ni wa zabibu ya Nebbiolo peke yake. Anayeanza kwa chupa za namna hii anajifunza jiografia kabla ya ladha. Kwa hiyo mimi humshauri aanze na chupa za Afrika Kusini, ambazo kwa kawaida huandika zabibu mbele kabisa: Chenin Blanc, Sauvignon Blanc, Shiraz, Pinotage. Hiyo ya mwisho ni mzaliwa wa huko. Mwaka 1925, Stellenbosch, mwalimu wa kilimo Abraham Perold alichavusha Pinot Noir kwa Cinsaut, na mbegu zilizopatikana ndizo asili ya Pinotage yote iliyopo duniani.

Chukua mbili za kwanza zinazofaa kuwekwa pamoja, Sauvignon Blanc nyeupe na Cabernet Sauvignon nyekundu. Kwa macho hazina udugu. Nusa ya kwanza: kuna harufu ya majani mabichi, ya pilipili hoho iliyokatwa sasa hivi. Nusa ya pili: juu kuna matunda meusi, lakini ukitulia, hasa kama zabibu hazikuiva sana, ile hoho inakuja tena kwa mbali. Harufu hiyo inatokana na kemikali za jamii moja, na sababu ya kuwapo katika zote mbili ilijulikana mwaka 1997. John Bowers na Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California huko Davis walipima vinasaba na kuonyesha kwamba Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc. Mzabibu mweupe ulikutana na mweusi, na mtoto akarithi harufu ya wazazi wote wawili.

Sasa onja, maana Cabernet ina jambo jingine ambalo pua haiwezi kulisema. Ulimi unakauka, ufizi unabana. Ni ukakasi, uleule wa bibo la mkorosho, na mtu wa Kilifi aliyekula mabibo utotoni anautambua papo hapo. Unatoka kwenye ngozi na kokwa za zabibu. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na ngozi, kwa hiyo huupata kwa wingi. Mweupe hukamuliwa kwanza, ngozi zikatengwa, ndiyo maana hauna ukakasi wa kutajika. Pinot Noir ina ngozi nyembamba, na ukakasi wake ni mdogo. Ukijua hili, umeshajua kwa nini nyama ya kuchoma yenye mafuta hupatana na Cabernet, na kwa nini samaki wa kupaka hupatana zaidi na mvinyo mweupe wenye ukali wa ndimu.

Shiraz, ambayo Wafaransa huiita Syrah, ina pilipili manga. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walieleza kemikali inayoleta harufu hiyo, nayo ni ileile iliyomo ndani ya pilipili manga yenyewe. Mpishi wa pwani hahitaji maelezo zaidi. Asage punje chache, anuse, kisha anuse bilauri. Shiraz hulimwa pia Kenya, upande wa Naivasha, na huuzwa chini ya jina la Leleshwa. Huko ni juu sana na usiku ni wa baridi. Gede ni tambarare ya pwani yenye joto na unyevunyevu mwaka mzima, hali inayoupa ukungu wa majani nafasi ya kuushambulia mzabibu, nao mmea wenyewe haupati baridi ya kuulaza.

Kulala huko ni jambo la maana. Ulaya mzabibu hupukutisha majani wakati wa baridi, hulala, na huamka majira ya machipuo kwa mavuno moja kwa mwaka. Katika nchi za joto haulali, ila mkulima huulazimisha kwa mkasi. Jirani zetu wa Dodoma wanalijua hilo vizuri. Mizabibu ililetwa huko na wamisionari Wakatoliki, na wakulima wa Kigogo wakaifanya yao. Wakipogoa mara mbili, huvuna mara mbili kwa mwaka. Nyanda zile ziko mita zaidi ya 1,000 juu ya bahari, mvua ni ya msimu mmoja na hewa ni kavu, hivyo ukungu hausumbui kama ambavyo ungesumbua Malindi. Miongoni mwa zabibu zao ni Makutupora nyekundu, Syrah na Chenin Blanc. Hiyo Chenin naipenda kwa ajili ya somo hili, kwa kuwa haipotezi ukali wake hata jua likiwa kali, na hukubali kuwa mvinyo mkavu, mtamu au wa mapovu. Asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, na leo ndiyo zabibu iliyopandwa kuliko nyingine zote Afrika Kusini. Weka Chenin ya Dodoma na Chenin ya Afrika Kusini kando kwa kando. Zabibu ni moja, na chochote utakachoona kimetofautiana kimeletwa na udongo, jua na mkono wa mtu.

Lakini kwa nini tunaweza kusema zabibu ni moja? Kwa sababu mzabibu haupandwi kwa mbegu. Hukatwa kijiti kutoka mti wa zamani, kikachomekwa au kuunganishwa kwenye shina jingine, na kinachoota ni mti uleule wa kwanza ukiendelea kuishi. Mzabibu mmoja ulichipuka mahali fulani Ufaransa, mtu akaupenda, akaukata vijiti. Cabernet zote za Chile, za Stellenbosch na za California ni viungo vya mti huo mmoja. Ndiyo maana jina la zabibu lina nguvu ya kukuambia ladha kabla hujafungua chupa. Ngowe na apple hulindwa vivyo hivyo vitaluni, kwa kuunganisha kikonyo.

Mnazi hauruhusu.

Mnazi una kichwa kimoja juu, sehemu moja tu inayokua. Ukate kichwa, umekufa. Hauna tawi la kukata wala chipukizi la kung'oa pembeni. Unapandwa kwa nazi tu. Tena ile minazi mirefu, inayojaza mashamba kuanzia Mida hadi Msabaha na ambayo wataalamu huihesabu katika aina ya mirefu ya Afrika Mashariki, hukomaza maua yake ya kiume kabla ya yale ya kike ya karara hilohilo kuwa tayari. Chavua hutoka kwa jirani. Kila nazi basi ni mtoto wa miti miwili, na hakuna minazi miwili mirefu iliyo sawa kama zilivyo sawa Cabernet mbili. Minazi mifupi ndiyo hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, ikafanana zaidi, na huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, wakati mrefu husubiriwa sita au saba.

Mwaka 2011 Bee Gunn na wenzake walichapisha utafiti wa vinasaba vya minazi ya dunia nzima. Walikuta makundi makuu mawili, la Bahari ya Hindi na la Pasifiki. Kwa sehemu kubwa makundi hayo yamekaa mbalimbali, lakini upande wetu wa kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi yamechanganyika. Watafiti wanauhusisha mchanganyiko huo na mabaharia wa Asia ya kusini mashariki waliofika Madagaska, na kwa pwani yetu pia na biashara ya Waarabu iliyofuata. Minazi yetu, kwa hiyo, ni machotara wa bahari mbili, na kila mmoja umechukua fungu lake.

Wa kwanza kuliona hilo kwa macho ni mgema. Anapanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, kotama kiunoni, alfajiri na tena jioni, wengine na mchana pia. Juu anachagua karara ambalo halijapasuka. Analifunga kwa kamba lisifunguke, analiinamisha taratibu siku kwa siku ili lielekee chini, kisha anaanza kulikata ncha, kipande chembamba kama ukurasa wa kitabu. Siku za mwanzo halitoi kitu. Mwishowe maji yanaanza kudondoka, naye anatundika kibuyu, au siku hizi chupa ya plastiki. Kila akipanda anakata tena kipande kingine, maana jeraha likikauka linajifunga. Karara moja hugemwa kwa wiki kadhaa, na karara hilo halitazaa nazi. Mwenye shamba anachagua tembo au nazi. Kwa karara moja hapati vyote.

Wakati maji yanadondoka ni matamu, hayana kileo. Hayo ndiyo tembo tamu, yaliyokuwa yakichemshwa yakawa asali. Lakini hamira za porini ziko tayari kwenye karara, hewani na kwenye utando mweupe ndani ya kibuyu cha jana, na kwa joto la pwani zinaanza kazi mara moja. Kufikia adhuhuri tembo la asubuhi linatoa povu na linawasha ulimi kidogo. Jioni ni kali, utamu umeliwa karibu wote, na kileo kimekaribia asilimia nne au tano. Kesho yake bakteria wa siki wameshika zamu, na baada ya hapo ni siki kweli, nayo ina wapishi wake. Hata lile lenye povu lilikuwa na kazi jikoni: wapishi wa pwani walilitumia kuumulia unga wa mchele kabla ya hamira ya dukani kuenea.

Mvinyo mzuri unaweza kuwekwa miaka 20. Tembo lina siku moja, na ndani ya siku hiyo linapita utoto, utu uzima na uzee. Anayetaka kulijifunza asilinganishe tembo la asubuhi la mti huu na tembo la jioni la mti ule, kwa kuwa hatajua tofauti imeletwa na mti au na saa. Achukue tembo la mti mmoja, alionje asubuhi, adhuhuri na magharibi. Akishaijua njia ya saa, ndipo alinganishe miti miwili iliyogemwa alfajiri moja, kwa vyombo vilivyooshwa sawasawa. Mangweni, tembo linakouzwa, hawezi kujifunza hili. Pale tembo la miti mingi limeshamiminwa kwenye dumu moja, la jana limechanganywa na la leo, na mnunuzi huagiza tu tamu au kali.

Niliwahi kusimama chini ya minazi, upande wa Msabaha, na mzee mmoja mgema aliyekuwa ameteremka akipangusa kotama. Safu ya miti mbele yetu ilikuwa na vibuyu, isipokuwa mmoja katikati, mnene na wenye makarara mengi. Kwa macho yangu ndio uliokuwa bora.

"Mzee, na huo mbona umeuruka?"

"Huo, mwanangu, maji yake mengi lakini mepesi. Nimeuachia nazi." Akaelekeza kidole kwenye mti mwembamba ulioinama nyuma. "Yule hanipi hata nusu ya huyu. Lakini wazee wakija kwa jambo lao, huwa nawatekea tembo la yule."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja majina ya wanawe. Alikuwa na daftari la shamba zima kichwani, mti kwa mti: wingi, utamu, kasi ya kuchacha, ule unaopungua kiangazi na ule usiojali. Mtu wa Bordeaux mwenye ujuzi huo huitwa mtaalamu, na huandikwa vitabuni.

Hilo jambo la wazee si dogo. Tembo miongoni mwa Wagiriama na Mijikenda wengine humiminwa kwa koma, yaani roho za wazee waliokufa, huambatana na mahari na mazishi, na huhitimisha mapatano. Mwanaanthropolojia David Parkin, katika kitabu chake cha 1972 kuhusu Wagiriama wa upande wa Kaloleni, alieleza jinsi minazi ilivyouzwa na kuwekwa rehani, na jinsi wazee walionyweshwa tembo walivyokuwa mashahidi wa mapatano hayo. Kukitokea kesi miaka baadaye, wao ndio hati.

Kuna mkoma pia, ambao huota wenyewe kwenye nyika kavu nyuma ya ukanda wa minazi. Wenyewe hugemwa kichwani, penye kikonyo kinachokua, na shina lililogemwa hivyo hufa. Mkoma hugawanyika matawi na huchipua tena kutoka chini, hivyo mti una njia ya kupona. Lakini ukigemwa bila kiasi, nyika inaisha. Aliyezoea tembo la mnazi akionja la mkoma hujua mara moja kuwa ni mti mwingine, kama vile Cabernet haiwezi kudhaniwa kuwa Chenin.

Narudi kwenye minazi ya kupandwa, maana hapo kuna kazi ambayo haijafanywa. Miche inayopandwa leo huchaguliwa kwa wingi na ukubwa wa nazi, na hilo ni sawa kwa anayetaka nazi na mbata. Utamu wa tembo haumo katika hesabu. Wakati huohuo minazi mingi imezeeka, na mgema akizeeka nayo, daftari lake linakwenda naye. Kwa kuwa mnazi haukatwi kijiti, njia iliyopo ni ndefu: kuchukua nazi za mbegu kutoka miti ambayo wagema wenyewe wanaitaja, na ikiwezekana kuichavusha kwa mkono miti miwili inayosifiwa, kama Perold alivyofanya Stellenbosch. Miche ikipandwa, mrefu wa kwanza hautatoa karara kabla ya miaka sita. Kituo cha utafiti wa kilimo kipo Mtwapa, ndani ya kaunti hiihii ya Kilifi, na miti ipo. Kinachohitajika kwanza ni mtu mwenye kalamu na rangi ya kuweka alama kwenye mashina, apite shamba kwa shamba kutoka Mida hadi Msabaha pamoja na wagema, wamwonyeshe ni ipi.